UZI: Mlingoti wa jahazi langu la mfano unavunjika kila nikilisafirisha. Nitengeneze sanduku la aina gani?

#1 mchongaji_umoja
Wasee, habari. Nachonga majahazi ya mfano hapa Umoja, Nairobi, na wikendi nayapeleka sokoni Westlands. Lile kubwa lina sentimita 72 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mlingoti ni 60 kuanzia sitahani (sakafu ya juu), foromali (boriti inayobeba tanga) 78. Nikilipakata kwenye matatu linafika salama, ila wateja wengine wanakaa mbali na siwezi kulipakata mpaka Mombasa. Nikilitia kwenye katoni na matambara, mlingoti unavunjika. Na ni pale pale kila mara: unapoingia sitahani. Haujawahi kuvunjikia juu wala katikati.

Sasa nataka sanduku la kudumu. Nimepiga hesabu ya plaiwudi: urefu 90, kimo 75, upana 30, ndani nijaze sponji ya godoro pande zote jahazi lisicheze. Nitumie plaiwudi ya unene gani? Na kuna anayejua kwa nini panavunjika pale pale?

#2 BabaShiro
90 kwa 75? Ndugu, hilo ni jeneza. Makanga atakulipisha viti viwili na abiria watakupa pole njia nzima 😂

#3 randa_na_msasa
Achana na #2. Mimi ni fundi wa mbao, tuongee kazi. Plaiwudi ya milimita 6 inatosha kabisa kama utaweka vijiti vya saiprasi vya inchi moja kwenye pembe zote kwa ndani, gundi ya mbao pamoja na skrubu. Watu wakisikia sanduku la kusafirisha wanakimbilia milimita 12. Piga hesabu ya uzito kwanza: kuta zote za vipimo vyako ni kama mita mraba 2.3. Kwa milimita 6 ni karibu kilo 8 bila vijiti. Kwa 12 unazidisha mara mbili, kilo 15 na ushee, na jahazi lako lenyewe sidhani linafika kilo 3. Utakuwa unabeba mbao, si jahazi.

Na usikubali kuuziwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) eti ni laini kupaka rangi. Ikilowa mara moja inavimba kingo na skrubu zinang'oka.

#4 Otis_K
Halafu ujue shiti moja halitoshi, ununue mawili. Hao wauzaji wa Gikomba hawakuuzii nusu.

#5 randa_na_msasa
@Otis_K linatosha. Shiti ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Weka kuta mbili kubwa za 90 kwa 75 mfululizo, zinakula 180 kwa 75. Kando yake kunabaki ukanda wa sentimita 47, toa chini na kifuniko cha 90 kwa 30. Upande wa mwisho umebaki kipande cha 64 kwa 122, hapo toa kuta fupi mbili za 30 kwa 75. Na bado unabaki na vipande vya kukatia kitanda cha kulaza jahazi. Acha milimita 3 kwa kila mkato, ndiyo inayoliwa na msumeno.

#6 Otis_K
Sawa mwalimu wa hesabu. Chora basi, wengine tulisoma kwa picha.

#7 mama_wa_kufuli
Kwani ni lazima mbao? Nendeni Kamukunji. Wale mafundi wanaotengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni, ukiwapa vipimo wanakukunjia saizi yako unangoja hapo hapo. Lina vishikio, lina mahali pa kufuli, mvua hailiingii. La kaka yangu lilimaliza shule ya upili likaja kwangu, sasa lina unga. Waambie watumie bati la geji 30 (namba ya unene), ndiyo nzito.

#8 geji_ni_geji
Kinyume, mama. Namba ikipanda bati linakonda. Geji 28 ni nzito kuliko 30. Ukiomba 30 ukidhani umejipendelea, fundi atatabasamu tu.

Tena kwa uzito huponi. Bati la karibu milimita 0.4 kwa eneo hilo hilo la mita mraba 2.3 linakuja kilo 7 hivi, sawa tu na plaiwudi ya 6. Na likigongwa linabonyea ndani, linabaki limebonyea. Upana wako ni 30, jahazi likiwa na upana wa sentimita 20 limebakiwa na nafasi ya 5 kila upande. Bonde moja la kiwiko cha makanga na umemaliza.

#9 mama_wa_kufuli
Basi 28. Lakini la plaiwudi nalo likigongwa linatoboka. Na jua? Halina tofauti, yote ni joto ukiyaweka juu ya keria.

#10 kijana_wa_mkomani
Assalam alaykum. Mimi ni mtu wa Lamu, niko Eastleigh siku hizi. Mmekimbilia sanduku, hamjauliza chombo kikoje. Mlingoti 60, mwili na kigoda chake sema 12, hiyo ni 72 tayari. Foromali ikiwa imepandishwa, ncha yake inaupita mlingoti mbali. Kimo cha 75 kitaitosha vipi? Ndugu mchongaji, foromali huwa unaiwekaje ukisafiri?

#11 mchongaji_umoja
Waalaykum salaam. Naiteremsha inalala sambamba na mwili, kwa hiyo ndani ya 90 inaingia. Henza (kamba ya kupandishia foromali) siifungui, nimeitia gundi kule nyuma isifumuke.

#12 kijana_wa_mkomani
Umeitia gundi ikiwa imekaza?

#13 mchongaji_umoja
Ndiyo, ikilegea haipendezi. Wateja wanasema imekaa ovyo.

#14 kijana_wa_mkomani
Haya, sikiliza shekhe. Mlingoti wa jahazi hausimami wima, umeinamia omo, na nina hakika wewe umeuinamisha maana ndiyo sura yake. Kwenye chombo chenyewe, foromali na tanga vinaning'inia mbele ya mlingoti, na henza inashuka nyuma inafungwa huko, ndiyo inayosaidia kuuvuta usiende mbele. Kamba za ubavuni nazo zinakaa upande wa upepo, chombo kikigeuzwa zinahamishwa. Kila kitu kinakazwa na kulegezwa kwa mkono, siku nzima. Hakuna nahodha anayefunga henza akaisahau.

Wewe umeigandisha. Uzi wa pamba ukinyonya unyevu unajikunja na kufupika, ukikauka unalegea. Asubuhi ya Julai na ule ukungu wa Nairobi unavuta, saa saba mchana unaachia. Mlingoti unachoka taratibu nyumbani kwako kabla haujaona matatu. Safari inamalizia tu.

Ushauri wangu: henza ifungwe fundo la kufunguka. Ukisafiri unalegeza, ukifika unakaza. Sanduku ni la pili.

#15 BabaShiro
Kwa hivyo jahazi linavunjika likiwa limelala kitandani. Nairobi hata mbao zina msongo wa mawazo.

#16 rimoti_naivasha
Nimefurahia #14 lakini sikubali kwamba sanduku ni la pili. Mimi nachezea mashua ya tanga ya rimoti, ile aina ya mita moja. Sheria yake inataka uzito usipungue kilo 4, na zaidi ya nusu ya huo ni mkuku (ubao unaoshuka chini ya mwili) na uzito wa madini ya risasi ulio chini yake. Hakuna mwenye akili anayeisafirisha ikiwa imesimama hivyo. Mkuku unatoka, risasi inapewa chumba chake isipige mwili, mlingoti unatoka unalala kwenye kifuniko. Kinachobaki ni ganda tu, nalo linakaa juu ya vitanda viwili vilivyokatwa kufuata umbo lake.

Sasa hiyo sponji yako ya kujaza pande zote ndiyo inaniogopesha. Sponji laini ya godoro ni springi. Gari likipanda tuta, mwili unazama kwenye sponji, unarudi juu, mlingoti wenye uzito wa foromali ubavuni unabaki nyuma, halafu unachapwa. Kitu kirefu kilichoshikwa chini tu, mkazo mkubwa kabisa unakaa mguuni. Ndiyo maana ni pale pale. Haihitaji henza wala ukungu.

#17 kijana_wa_mkomani
Umeeleza *mahali* panapovunjika, hujaeleza *kwa nini* panavunjika. Mchongaji anasema akilipakata mlingoti hauvunjiki, na matuta ni yale yale.

#18 rimoti_naivasha
Akipakata, mikono yake inameza mtikisiko. Sponji inauongeza. Ndiyo hoja yangu.

#19 Otis_K
Naivasha na viboko wale? Siku kiboko akikalia hiyo mashua ya kilo 4 utatuletea uzi.

#20 rimoti_naivasha
Huwa tunakaa mbali na matete. Nairobi Dam ingekuwa karibu, zamani watu wakishindana kwa matanga pale, lakini magugu maji yalishaimeza. Turudi kwenye mada.

#21 gikomba_boy
Wote mnazunguka. Swali ni moja: mbao ya mlingoti ulinunua wapi na ilikuwa imekauka? Saiprasi nyingi inauzwa bado ina maji. Ukichonga mlingoti ukiwa mbichi ukautia shimoni ukabana vizuri, baada ya miezi michache umekonda, shimo limebaki na nafasi. Kuanzia hapo unagonga ukingo wa shimo kila gari likitingishika, tok tok tok, mpaka ukingo unauchimba. Ndiyo maana unakatikia kwenye usawa wa sitaha kabisa, si kidole kimoja juu.

#22 randa_na_msasa
Karibu sahihi. Shimo nalo halibaki vile vile. Mbao hupungua kukatiza nyuzi, kwa urefu wa nyuzi haipungui kitu cha kuonekana. Kwa hiyo shimo la duara kwenye sitaha mbichi linageuka yai: linaubana mlingoti kushoto na kulia, linauachia mbele na nyuma. Na mbele na nyuma ndiko gari linakosukuma likifunga breki.

Ila mimi nina mshukiwa mwingine: nyuzi za mlingoti wenyewe. Ukiukata kwa msumeno kutoka ubao mpana, nyuzi zinatoka mshazari, zinakimbilia nje. Mlingoti mzuri haukatwi, unapasuliwa kwa panga ufuate nyuzi, kisha ndiyo upigwe randa. @mchongaji_umoja, ule uliovunjika umevunjikaje? Mshazari mrefu wenye vibanzi, au mkato bapa?

#23 mchongaji_umoja
Nimeutoa kwenye takataka nikauangalia. Upande wa mbele mkato ni bapa. Upande wa nyuma una kibanzi kirefu kama sentimita 4. Na kuna alama ya kusagika kuzunguka.

#24 randa_na_msasa
Kibanzi cha sentimita 4, nyuzi hizo.

#25 gikomba_boy
Alama ya kusagika, shimo hilo.

#26 rimoti_naivasha
Umechanika nyuma umekunjikia mbele, mchapo wa breki na matuta.

#27 kijana_wa_mkomani
Na henza inavuta wapi? Nyuma. 🙂

#28 BabaShiro
Mahakama imeahirishwa.

#29 dada_vanishi
Hamjambo. Mimi napaka vanishi samani kando ya Ngong Road, nina jambo la sanduku lenyewe kabla hamjamaliza kugombana. Mchongaji, usifunge jahazi kwa ile nailoni ya viputo moja kwa moja juu ya vanishi. Vanishi inashikika kavu leo lakini ndani bado inaiva kwa wiki kadhaa. Ukiifunga na nailoni kwenye joto, viputo vinaacha duara duara zao mwili mzima na hazitoki mpaka upige msasa upya. Zungushia kwanza leso kuukuu ya pamba, nailoni ikae nje.

Na ile povu nyeupe nyepesi inayokuja na katoni za televisheni, ukitaka kuigandisha ndani ya sanduku usitumie gundi ya viatu. Gundi ile inaiyeyusha, utaona mashimo yanachimbika mbele ya macho yako. Gundi nyeupe ya mbao haina shida.

#30 Otis_K
Nailoni si ilipigwa marufuku? Mnataka mwenzenu afungwe.

#31 geji_ni_geji
Marufuku ya Agosti 2017 ilikuwa ya mifuko ya kubebea na ile bapa. Viputo si mfuko.

#32 mwana_ngalawa
Nimesoma yote. Mimi ninayo ngalawa ya mfano, na shida yake ni matengo (vielea vya pembeni), maana yanatokeza pande zote mbili na upana unakuwa mara tatu ya mwili. Niliyafanya ya kufungwa kwa uzi, nayafungua nikisafiri. Lakini kilichonisaidia zaidi ni ubao wa kuteleza. Jahazi lisikae kwenye sanduku, likae juu ya ubao, na ubao ndio uingie kwenye sanduku.

Yaani hivi: kata ubao wa 88 kwa 28. Juu yake pigilia vitanda viwili vilivyokatwa kufuata umbo la mwili, kimoja karibu na omo, kingine karibu na tezi, viwekwe pale ndani palipo na mataruma (mbavu za chombo), si katikati ya mbao nyembamba. Ndani ya vitanda gandisha raba ya ndara zilizokwisha. Raba ya ndara inakubali kidogo lakini haichezi kama godoro. Halafu mikanda miwili ya tyubu ya baiskeli inapita juu ya mwili, inashika kwenye misumari ya kando. Chini ya sanduku vile vile, ndara kwenye pembe nne. Mlingoti usiguswe na kitu chochote, iwe sponji, tambara au ukuta. Mlango uwe ubavuni, kwenye ile pande fupi, unavuta ubao kama droo.

#33 rimoti_naivasha
Hii ndiyo. Kasoro moja: droo ya pande fupi inataka nafasi ya sentimita 90 mbele yake kuvuta. Kwenye matatu au juu ya meza ya soko huipati. Fungua ukuta mrefu mzima, bawaba chini, ushuke kama mlango wa pikapu.

#34 mwana_ngalawa
Ukuta mrefu ukifunguka sanduku linapoteza nguvu. Linaanza kuyumba kama kreti.

#35 randa_na_msasa
Halipotezi kama pembe zina vijiti na mlango una makomeo mawili. Kifuniko cha juu ndicho kibaya kuliko vyote: unaingiza mikono kutoka juu, kati ya kamba, na shati lako linanasa kwenye foromali.

#36 syokimau_express
Mkiamua milango kumbukeni atapeleka Mombasa. Kama ni treni, pale Syokimau mizigo inapangwa mstari inanuswa na mbwa, kisha inapita kwenye mashine, na wakiwa na shaka unaambiwa fungua. Sanduku lililopigwa skrubu pande zote litakuchelewesha. Nimeona mtu na spika yake akitafuta bisibisi foleni nzima ikimngoja. Makomeo ya mkono, kufuli ya hiari. Na andika wazi JAHAZI LA MFANO, DHAIFU, na mshale wa juu. Mshale tena kwenye pande zote nne, maana mpakiaji haangalii upande ulioandika wewe.

Kwa basi la usiku mimi nisingelitia buti. Huko chini kuna magunia ya viazi.

#37 mama_wa_kufuli
Hilo la Kamukunji magunia ya viazi yangelala juu na lisiseme kitu.

#38 geji_ni_geji
Lisingesema, lingebonyea kimya.

#39 mchongaji_umoja
Asanteni sana wote. Jumamosi naenda Gikomba kuchukua plaiwudi ya 6 na vijiti vya pembeni. Nachukua ubao na vitanda vya @mwana_ngalawa, ndara ninazo za kutosha. Ukuta mrefu nitaufanya wa kushuka. Sponji naiacha. Henza nitaifunga fundo, nitaona kama wateja watalalamika. Mlingoti mpya nitaupasua kwa panga.

#40 kijana_wa_mkomani
Ukibadilisha vyote kwa pamoja usiulize tena ni nini kilikuwa kinauvunja. Anza na henza peke yake, katoni ile ile, matatu ile ile.

#41 gikomba_boy
Aanze na mbao kavu.

#42 rimoti_naivasha
Huyo anauza majahazi, hafanyi utafiti. Kila jaribio ni mlingoti. Abadilishe vyote. Na mimi bado nasema mlingoti uwe wa kutoka kabisa, sanduku lingepungua kimo kuwa 35, lingekaa chini ya kiti.

#43 mchongaji_umoja
Wa kutoka nimewahi kufikiria, lakini mteja akishajua unatoka anautoa kila mgeni akija, na ananiletea nirudishe.

#44 BabaShiro
Mtoze ada ya kusimamisha mlingoti. Biashara hiyo.

#45 Otis_K
@randa_na_msasa vile vipande vitakavyobaki kwenye lile shiti, huwa unauza? Nataka kutengeneza sanduku la kinanda cha mtoto, 65 kwa 25 kwa 10. Na tafadhali chora safari hii.